Mwanafunzi wa Kitindamimba

Kanisani kwetu shule ya wanangu waliiita shule ya jikoni. Hawakuniambia usoni, lakini maneno ya kanisani hayahitaji nauli, hufika yenyewe. Kuna mama mmoja wa kwaya ambaye alinipenda kweli, kwa namna yake. Siku moja baada ya ibada alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya msibani: "Dada, hawa watoto watatu watakuja kuwa nani? Tumevuka bahari ili watoto wasome, wewe umewafungia nyumbani na sufuria." Nikamjibu kwamba sufuria zangu zinajua kusoma. Alicheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimekasirika hadi masikio yananiwaka.

Alinigusa penye kidonda. Mimi niliishia kidato cha pili. Nyanya yangu kule Voi alipopooza, alihitajika mtu wa kumgeuza na kumlisha, na katika nyumba yetu mtu huyo alikuwa mimi. Sare yangu niliiweka sandukuni nikidhani nitaivaa tena muhula ujao. Muhula ukapita, na mwingine ukapita, na hivyo hivyo nikawa mtu mzima. Kumuuguza nyanya ndiko kulikonifundisha kazi ninayoifanya hadi leo. Hapa Minnesota nawaogesha wazee, nawavisha na kuwasukuma kwenye makao yao, mwendo mfupi tu kutoka nyumba yetu ya Inver Grove Heights. Lakini kila alipoingia muuguzi chumbani na dawa zake, kipima moyo kikimning'inia shingoni, nilijua ninachokitaka. Nilitaka kuwa yeye. Chuo cha wauguzi hakimpokei mtu asiye na cheti cha sekondari, na mimi sikuwa nacho.

Basi niseme wazi. Mwanamke wa kidato cha pili aliwatoa watoto wake shuleni akawafundisha mwenyewe, katika nchi ambayo shule ni bure na basi la manjano husimama karibu na mlango wako. Ningesikia habari hiyo kuhusu mtu mwingine, na mimi ningemsengenya.

Tulianza kwa sababu ya pumu. Mtoto wetu wa kati, msichana, baridi ikikaza, kifua chake kilipiga miluzi, na akawa anashinda nyumbani zaidi kuliko darasani. Mume wangu ni fundi wa mitambo ya joto kwenye majengo ya ofisi kule Golden Valley, naye si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mkalishe nyumbani msimu huu mmoja. Theluji ikiisha atarudi." Nikahamia zamu ya jioni ili mchana niwe naye. Kaka yake mkubwa na mdogo wake wa kike walipoona mwenzao anasoma amevaa soksi na kujifunika blanketi, nao wakagoma kutoka. Theluji ilipoisha tulikuwa tumeshanogewa. Tukafuata yote ambayo sheria ya hapa inamtaka mzazi ayafanye, na hakuna aliyerudi.

Niliijua mipaka yangu. Kusoma, insha, historia, habari za mwili wa binadamu, hayo niliyaweza, na maktaba ilitusaidia kwa vitabu. Lakini hesabu zilipopanda kidogo ziliniacha kituoni. Ndipo nikaweka kanuni ambayo iliendesha shule yetu hadi mwisho: hujajua kitu mpaka umfundishe aliye chini yako akielewe. Mkubwa alijifunza hesabu kwenye vitabu na video za masomo, kisha akamfundisha wa kati. Wa kati akamfundisha mdogo. Mimi niliketi na kikombe changu nikisikiliza nani anababaisha, maana hata usipojua hesabu, mtoto wako akibabaisha utamjua tu.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Nikimaliza jambo niliuliza, "Tuko pamoja?" Yeyote aliyesoma kwetu anajua kinachofuata. Darasa zima hujibu kwa mvuto mmoja, "Ndiyooo, mwalimu!" na mwalimu hugeukia ubao. Mara ya kwanza nilipowauliza wanangu, wa kati alinitazama machoni akasema, "No." Hakuwa na utovu wa adabu. Alikuwa amejibu swali. Nilishika chaki bila kujua niipeleke wapi, kwa sababu katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mwanafunzi akisema hapana pale. Watoto wangu walikulia Minnesota, na kwao swali ni swali. Nikarudia somo, nikiguna.

Kitindamimba wetu ndiye aliyekosa wa kumfundisha. Alijaribu kumfundisha mwanasesere wake, akalalamika kwamba haulizi maswali. Alilia siku nzima kwamba kaka ana mwanafunzi, dada ana mwanafunzi, yeye peke yake hana. Mwisho akaja akaweka mikono kiunoni. "Mum, wewe ndio student wangu." Nikakubali nikicheka. Kila alasiri kabla sijaenda kazini alinikalisha mezani, akaandika kwenye ubao mdogo tulioutundika kando ya jokofu, kisha akauliza kwa sauti yangu mwenyewe, "Tuko pamoja?" Nami nikaitikia kwa mvuto wote, "Ndiyooo, mwalimu!" Alifurahi mno. Aliendelea kunifundisha tangu jedwali la kuzidisha mpaka kwenye hesabu zenye herufi ndani yake, na jibu langu lilikuwa lile lile.

Miaka ilikwenda. Mkubwa akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi. Wa kati akaenda kusomea tiba ya mapafu, na hakuna aliyeshangaa. Mama wa kwaya akaanza kunisalimia kwa heshima zaidi. Akabaki kitindamimba, mwaka wake wa mwisho, na mwezi wa nane angeondoka kwenda chuoni Duluth. Nikaona shule ya jikoni inafungwa na mimi sijapata changu. Nikajiandikisha kwa mtihani wa watu wazima wa kumaliza sekondari. Nikafaulu kusoma na kuandika, nikafaulu sayansi, nikafaulu mambo ya jamii. Nikaingia hisabati nikifikiri mambo ni yale yale.

Nilifeli. Wala haikuwa bahati mbaya, nilifeli kabisa. Niliporudi nyumbani kitindamimba alikuwa anamenya viazi. Nilimwambia nikiwa bado nimevaa koti.

"But nilikufundisha hizo zote," akasema.

"Ulinifundisha, mwanangu."

"Na nikakuuliza tuko pamoja. Ukasema ndiyo."

"Nilisema."

"So all that time ulikuwa unanidanganya?"

Nikavua koti nikajaribu kumweleza. Kwetu, nilimwambia, lile si swali. Ni kama mhubiri anaposema amina na nyinyi mnasema amina. Ukisema hapana umemwaibisha mwalimu, umewachelewesha wenzako, na umejitafutia fimbo. Heri uitikie, kisha ukamwulize mwenzako njiani, naye pia hajui. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu cha kumenyea kikiwa kimesimama hewani.

"Sasa mbona wanauliza?"

Nikatundika koti nyuma ya mlango.

Akakaa kitini akaanza kulia, na ndipo nilipoona jambo si dogo. "By our rule, mimi sijui kitu," akasema. "Kaka alikuwa na student. Dada alikuwa na student. Mimi nilikuwa na choir." Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikaona uso wake nikanyamaza. Akapangusa pua kwa kiganja. "Basi sijamaliza shule. Hatu-close hii shule mpaka wewe u-pass."

Kuanzia siku hiyo mwalimu wangu alibadilika. Neno ndiyo lilipigwa marufuku mezani. Akimaliza jambo hakuniuliza kama tuko pamoja, alinipa kalamu nimfundishe yeye. Na akatunga kanuni nyingine: kila nitakapomkatiza na kusema sijaelewa, atainuka anipikie chai, ya maziwa na tangawizi, kama ninavyoipenda. Nikamwambia hiyo ni rahisi, atachoka yeye.

Haikuwa rahisi. Nimezaa mara tatu, na neno hilo lilikuwa gumu kutoka kuliko mtoto yeyote. Niliona mistari inapita, najua nimepotea, na kichwa changu chenyewe kinaitikia juu na chini. "Mum, unaitikia kwa kichwa," alisema kila mara, na kuniwekea kiganja utosini kukizuia. Ilifika jioni moja ya siku yangu ya mapumziko, akiwa katikati ya maelezo, nikasema kwa sauti ndogo nikitazama meza, "Sijaelewa." Kumwambia hivyo mtoto niliyembeba mgongoni! Akaweka kalamu chini, akawasha jiko, akatwanga tangawizi. Niliinywa ile chai kwa aibu. Ya pili, wiki hiyo hiyo, niliinywa kwa aibu kidogo. Kufikia theluji ilipoanza kuyeyuka nilikuwa nasema sijaelewa kwa sauti ya kuagiza hotelini, na mume wangu akauliza kama tunafuga ng'ombe, maana maziwa hayakai.

Nilikuwa na ugomvi na zile herufi. Herufi zinatafuta nini kwenye hesabu? Kilichonishinda kabisa ni mistari ya mteremko. Alichora mstari, akasema umepanda kiasi gani, umekwenda mbele kiasi gani, gawanya. Sijaelewa. Chai. Akachora tena. Sijaelewa. Chai. Nilikuwa nimeshiba chai mpaka shingoni ndipo aliponiuliza, kwa kukata tamaa tu, kama kule kazini kuna mahali nasukuma watu kupanda. Nikamwambia ipo milango miwili. Mlango wa mbele una njia fupi ya viti vya magurudumu, inakatisha pumzi, na mzee akiwa mzito naomba msaada. Wa nyuma njia yake ni ndefu, inazunguka bustani, lakini unasukuma huku unapiga soga. Milango yote miwili inaingia ukumbi ule ule.

"Zinapanda urefu sawa?"

"Sakafu si ni moja!"

"Sasa kwa nini moja inakuchosha?"

Nikafungua mdomo kumwambia ni kwa sababu ile ya mbele ni fupi, nikanyamaza. Urefu wa kupanda ni mmoja. Kinachotofautiana ni umbali wa kwenda mbele. Nikamnyang'anya kalamu. Nikachora milango yote miwili, nikagawanya, nikapata namba kubwa kwa mlango wa mbele na namba ndogo kwa wa nyuma, na mikono yangu ikakubaliana na namba hizo, kwa sababu mikono ndiyo iliyokuwa ikisukuma miaka yote. Alinitazama nikichora mlango wa tatu ambao haupo popote. Nilipoinua macho alikuwa anatabasamu kwa meno yote, na hakuinuka kupika chai.

Nilirudia mtihani mwishoni mwa mwezi wa tano, mashine za kukata nyasi zikilia mtaa mzima. Kituo kiko upande wa Roseville, karibu na jengo moja kubwa la maduka. Aliendesha gari yeye, na njia nzima alikataa kuniuliza swali lolote la hesabu. Alisema atanisubiri kwenye maduka. Mle ndani walinikalisha mbele ya kompyuta kati ya kijana mwenye hereni na baba mmoja aliyekuwa akisali kimya kimya. Swali la kwanza sikulielewa. Zamani ningeliitikia kwa kichwa na kubahatisha. Safari hii nikajiambia, sijaelewa, nikalisoma upya taratibu kana kwamba maji ya chai yamebandikwa jikoni, na nikaona linauliza kitu kidogo sana. Nikaendelea hivyo hivyo hadi la mwisho.

Majibu yalikuja baadaye mchana huo, kwenye simu, tukiwa tumekaa garini katika maegesho na vinywaji ambavyo hakuna aliyevinywa. Nilimpa simu asome yeye. Alisoma, akanigeukia, akaniwekea simu mbele ya macho: nimefaulu. Basi nikafungua mlango, nikatoka, nikasimama katikati ya magari, nikapiga vigelegele. Vile vya Voi, vya bibi harusi akitolewa ndani. Nikavirudia. Mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akisukuma kikapu chake alisimama, akatabasamu kwa ule upole wa watu wa hapa, akauliza kama kila kitu kiko sawa. Nikamwambia kila kitu kiko sawa sana, mama, mtoto wangu amenifaulisha hisabati. Akasema ni vizuri sana, akaenda zake haraka kidogo.

Nilirudi garini nikamshika mwalimu wangu mashavu. "Haya. Sasa umemaliza shule."

"Bado," akasema huku machozi yanamtiririka. "Ume-pass, Mum, na I'm so proud. Lakini kuniambia mimi sijaelewa ni rahisi. Mimi ni mtoto wako. Nataka umwambie mwalimu mwingine. A real one."

"Na wewe ni wa bandia?"

"Tutaona," akasema, akawasha gari.

Mwezi wa sita tulimfanyia sherehe kwenye gereji, kama wafanyavyo majirani wote watoto wakimaliza shule. Unafungua mlango mkubwa wa gereji, unapanga meza na picha za mtoto tangu utotoni, na watu wanapita mchana kutwa wakila. Majirani walikuja kwa saa waliyoambiwa, na sisi wa kanisani tukaja kwa saa yetu, kwa hiyo pilau ilitosha wote. Kaka mkubwa alikuwa amebandika picha yangu kati ya zile za mdogo wake, nikiwa mezani na kalamu mdomoni, nimekunja uso. Mama wa kwaya aliitazama picha hiyo kwa muda, sahani mkononi. Akaniuliza ni nini, nikamweleza yote, na kufeli pia. Akaweka sahani chini akanikumbatia kwa nguvu.

"Kumbe ni kweli sufuria zako zinajua kusoma," akasema. Kisha akapaza sauti akaanza wimbo, na gereji nzima ikamfuata, na majirani wakapiga makofi bila kujua maneno. Nililia mbele za watu na sikujificha. Miaka yote ile nilikuwa nimelibeba lile neno lake la sufuria kama jiwe kwenye kiatu, na siku ile nilitembea vizuri.

Mwezi wa nane tulimpeleka Duluth. Mume wangu alibeba masanduku, mimi nikatandika kitanda mara mbili, yeye akatufukuza kwa upendo. Niliporudi nyumbani nilifuta ubao wa kando ya jokofu, nikauacha ukutani. Nyumba ilikuwa kimya na nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Watoto watatu walitoka mezani pale wakiwa wamesoma, na wa nne alikuwa mimi.

Chuo cha wauguzi kilikuwa kimenipokea kwa cheti changu kipya, na darasa lilianza baada ya hapo. Niliketi safu ya pili, mkubwa kuliko wote, kati ya vijana ambao umri wao ni wa wanangu. Mwalimu ni mama mwenye miwani na mwendo wa haraka. Siku hiyo alikuwa anaeleza namna ya kukokotoa dawa ya kupitisha kwenye mshipa, matone mangapi kwa dakika, akaandika ubao mzima, akapita mstari mmoja bila kuueleza, akageuka. Akauliza kwa Kiingereza kama tuko sawa, kama aendelee.

Vijana waliinamisha macho kwenye kompyuta zao. Wawili wakaitikia kwa kichwa. Hapo nikajua kwamba ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Kichwa changu nacho kikaanza safari yake ya kushuka, na nikahisi, naapa, kiganja utosini.

Nikainua mkono. "Hapana," nikasema kwa Kiingereza changu cha Voi, kwa sauti iliyofika nyuma. "Mimi sijaelewa. Huo mstari wa tatu umetoka wapi?"

Mwalimu akautazama ubao. Akasema asante, ameruka hatua. Akairudisha, na nyuma yangu nikasikia darasa zima likishusha pumzi na kuanza kuandika. Msichana wa kando yangu aliniegemea akaninong'oneza, "Thank you," na mkono wangu ulikuwa bado umeinuka, nimesahau kuushusha.

Nilimpigia simu kitindamimba nikiwa kwenye ngazi za chuo. Nilimweleza yote, tangu ubao hadi mkono. Kisha nikamsikia akiwageukia wenzake chumbani akitangaza kwa sauti ya mtu ambaye timu yake imechukua kombe: "You guys! My mum told the whole class she didn't understand!" Wakashangilia, watoto wa watu nisiowajua, kama wanaelewa.

Akarudi kwenye simu. "Nyumbani kuna tangawizi?"

"Ipo."

"Basi jipikie chai, Mum," akasema. "Mimi sasa nimemaliza shule."